Mama Samia na Nyumba ya Beringi Iliyochongwa Kichwa Chini

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwahija Salmini, mkaguzi mkuu wa ubora katika kiwanda chetu cha kusubu na kuchonga vyuma hapa Kahama, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara kadhaa, na bado inanishtua. Si kwamba hatukujua. Keki ya kutimiza miaka sitini tuliila wenyewe na tukalamba vidole. Lakini Meneja Davis alipotangaza tarehe yenyewe kwenye kikao cha asubuhi, hakuna aliyerudi kwenye mashine yake. Tulisimama pale kama watu waliokatiwa umeme. Fundi Gregory, ambaye kwa kawaida haongei kabla ya chai, aliuliza kama kuna mahali pa kukata rufaa.

Hapa kiwandani jina la Mwahija analitumia mhasibu tu. Sisi wengine tunamwita Mama Samia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, katika nyumba ya Mzee Salmini, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka Pangani ukasimama Tabora na mwisho ukanogewa na Usukumani. Mzee alitaka binti yake ashone. Binti akaenda chuo cha ufundi, akasomea ufundi mitambo, akarudi na cheti na ovaroli iliyomzidi mikono. Mama yake aliipunguza ovaroli ile kwa cherehani ya dukani, na Mama Samia husema huo ndio ushonaji pekee uliowahi kumsaidia katika maisha.

Alipoajiriwa mwaka 1996 kiwanda kilikuwa na tanuru moja na paa lililovuja juu ya meza ya kupimia. Tulisubu plau za wakulima, vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, na milango ya matanuri ya kukaushia tumbaku ya watu wa Ushetu. Mlango wa tanuru ukizidi kidogo, mkulima anaupiga nyundo na maisha yanaendelea. Kisha migodi mikubwa ikafunguliwa kila upande wetu, na kazi zikabadilika. Zikaja pampu za kutoa maji chini ya ardhi, zikaja meno ya mashine za kupasulia mawe, zikaja nyumba za beringi. Vitu hivyo havipigwi nyundo vikakubali. Mama Samia alipewa meza ya kupimia, kalipa, maikromita na mamlaka ya kusema hapana.

Alilisema kwa rangi nyekundu. Kifaa alichokikataa alikipaka mstari mwekundu, na mafundi wa wakati ule, kwa kuona rangi ile na kumwona mwanamke wa Kiislamu ameshika brashi, wakakumbuka hina, wakaanza kuviita vifaa hivyo maharusi. "Leo tuna maharusi wangapi?" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Yeye hakukasirika. Siku moja alipokataa vifaa vyote vya mzigo mmoja, alipita kila mashine akigawa halua aliyotoka nayo nyumbani, akisema harusi kubwa namna hiyo haiwezi kupita bila kitu mdomoni. Gregory ndiye aliyekuwa amevichonga. Alikula halua ile akiwa amenuna, kisha akaomba nyingine.

Kila aliyepita mikononi mwake anakumbuka somo la mafiga. Chuma kikitoka kwenye mchanga wa kusubia kina mabonde na vilima. Ukikilaza mezani kwa tumbo lake lote kitacheza, leo kitaegemea hapa, kesho pale, na kila mpimaji atapata jibu lake. Kwa hiyo mchoraji anachagua sehemu chache za kukiegemeza. Kwenye mchoro anaziwekea viduara vilivyokatwa katikati kwa mstari, na ndani yake anaandika A1, A2, A3. "Hayo ni mafiga," Mama Samia alikuwa akituambia. "Sufuria kwenye mafiga matatu haichezi. Kisha mawili ubavuni ili isigeuke, na moja mwishoni ili isiteleze. Hapo kimetulia, anza kupima." Vile vipimo vilivyofungiwa ndani ya visanduku, ambavyo wageni huviogopa, alituambia vinaonyesha tu mahali pa kuweka mafiga. Usivitafutie ruhusa ya kuzidi wala kupungua.

Nilijifunza kwake hivyo, na naamini hakuna aliyefundisha jambo hilo vizuri zaidi katika kanda hii. Ndiyo maana lililotokea mwaka 2016 lilitupiga kama radi. Meneja alishauri lisiwemo kwenye wasifu huu. Mama Samia mwenyewe aliposikia alisema, "Kama halimo, basi msinisomee."

Mgodi mmoja wa chini ya ardhi, upande wa Geita, ulikuwa umetuagiza nyumba ya beringi. Kwa asiyejua, juu ya shimo la mgodi kuna mnara, na juu ya mnara kuna gurudumu kubwa linalopitisha waya wa kuteremsha na kupandisha keji, yaani kile kizimba kinachobeba wachimbaji. Gurudumu linazunguka kwenye beringi, na beringi zinakaa ndani ya nyumba za chuma. Nyumba moja ikipasuka, gurudumu linalala ubavu, na waya unajua pa kwenda: shimoni, pamoja na keji.

Tuliisubu, Gregory akaichonga, Mama Samia akaikagua. Kipenyo cha tundu kilikuwa sawa. Urefu kutoka kitako hadi katikati ya tundu ulikuwa sawa. Matundu ya bolti yalikuwa sawasawa. Kitu kimoja kilimsumbua: tundu la grisi halikutokea katikati ya ile nundu ya chuma iliyoachwa kwa ajili yake. Lilikuwa limesogea pembeni.

"Gregory, hili mbona limekimbia?" aliuliza.

"Mama Samia, chuma cha mchanga hakijawahi kunyooka tangu dunia iumbwe. Grisi itapita."

Grisi kweli ingepita. Alirudia vipimo, vyote vikakubali, akasaini. Nyumba ile ikapakiwa, ikafungwa mnarani, ikaanza kazi.

Wiki kadhaa zilipita. Ilikuwa Ramadhani. Saa nne asubuhi sisi tulikwenda kunywa chai, na yeye, kwa kuwa amefunga, akatembea uani kunyoosha miguu. Vijana wa tanuru walikuwa wametoka kuvunja mchanga wa nyumba ya pili ya aina ileile, ya akiba, wakaiacha chini jinsi ilivyoanguka. Ilikuwa imekaa kinyume na sisi tulivyozoea kuiweka, tumbo likiwa chini, juu ya bamba la chuma. Aliisukuma kwa mguu. Haikutikisika.

Aliinama, akachungulia uvunguni. Pale tumboni palikuwa na vipande vitatu vidogo vilivyoinuka, bapa, kila kimoja kama kifuniko cha soda. Fundi wa modeli, anayetengeneza umbo la kusubia, alikuwa ameviweka makusudi. Yalikuwa mafiga.

Sisi tulikuwa tumeiegemeza kwa upande wa juu, ambako hakuna kitu kama hicho.

Nilikuwa wa kwanza kurudi kutoka chai. Nilimkuta amepiga magoti mchangani na mtandio umemshuka mabegani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Rebeka," aliniambia, bila kugeuka, "niletee mchoro. Na umlete Gregory."

Tuliutandaza juani. Kwenye mchoro, mstari unaotoka kwenye kiduara kwenda kwenye kifaa ukiwa mzima, figa liko upande unaouona. Ukiwa wa vipandevipande, figa liko upande wa nyuma, usioonekana. Nakala tuliyoitumia ilikuwa nakala ya nakala, na mashine ya kunakili ilikuwa imejaza wino kwenye nafasi. Ukiutazama kwa haraka, mstari ni mzima. Juani, ukiusogeza karibu na pua, nafasi zinaonekana, hafifu kama nyayo za sisimizi.

Gregory alitazama, akavua kofia.

"Tumeichonga kichwa chini," Mama Samia alisema.

"Lakini vipimo vilikubali! Ulipima mwenyewe!"

"Nilipima nikiwa nimeiegemeza ulivyoiegemeza wewe. Kosa lako lilinipimia, na mimi nikalisaini. Tundu liko sawa na kitako. Haliko sawa na ngozi ya nje. Upande mmoja ukuta ni mnene, upande mwingine..." Alichukua kalipa na chaki, akaipandisha ile ya akiba kwenye mafiga yake ya kweli, akachora palipopaswa kuwa na tundu, kisha akachora tulipolitoboa sisi. Kati ya mistari ile miwili mtu angeweza kupitisha kidole. Upande wa juu, unaobeba uzito wote wa keji, tulikuwa tumeacha kama nusu ya ukuta.

Sote watatu tulikuwa tunajua saa ile ni zamu ya asubuhi, na watu wako chini.

Meneja Davis aliposikia alikaa, akasimama, akakaa tena. "Tuhakikishe kwanza," alisema. "Tupime vizuri, niongee na wakurugenzi. Ukisimamisha mgodi kwa wasiwasi tu, mama, hiki kiwanda tutakifunga."

"Nipe namba ya Mhandisi Martina."

"Mama Samia, nakuomba, nusu saa tu."

"Davis mwanangu, katika nusu saa hiyo keji inapanda na kushuka mara ngapi?"

Davis alitoa simu yake mwenyewe, akatafuta namba, akampa. Nataka hilo nalo liandikwe.

Mhandisi Martina ndiye aliyesimamia mnara ule. Mama Samia aliweka simu mezani ikiwa na sauti ya wazi, ili sote tusikie.

"Mhandisi, ni Mwahija, mkaguzi wa Kahama. Simamisha keji."

"Una maana gani, nisimamishe? Nina watu chini."

"Najua. Keji iko wapi sasa?"

"Iko juu, tupu. Inakwenda kuwachukua."

"Isiende. Nyumba ya beringi tuliyokuletea ina ukuta mwembamba upande wa mzigo. Mimi ndiye niliyeikagua na sahihi ni yangu. Nilikosea. Wapandishe watu kwa ngazi za dharura, na usimruhusu yeyote kusimama chini ya mnara."

Kisha tukasikia Martina akipiga kelele kwa mtu mwingine, mbali na simu: "Zima! Nimesema zima!" Simu ikakatika.

Hakuna aliyerudi kazini. Tulikaa sakafuni karibu na meza ya kupimia kama watu wa msibani. Wengine walianza kunong'ona kwamba labda amekosea hesabu, kwamba mgodi umesimama bure, kwamba tumekwisha. Mama Samia aliswali adhuhuri kwenye kona yake, akarudi kukaa mbele ya ile nyumba ya akiba, akiitazama tu.

Alasiri Martina alipiga. Mtu wa mwisho alikuwa ametoka kwenye ngazi. Baada ya hapo ndipo mafundi walipopanda mnarani, wakafungua, wakafuta grisi.

"Kuna ufa," alisema. "Umeanzia kwenye tundu la grisi, umetembea na ukuta wote wa juu. Mama... nimeingiza ubapa wa kisu ukapita."

Meneja Davis aliegemea mlango akaanza kulia, bila kujificha. Mama Samia hakulia. Aliinua ile brashi ya rangi nyekundu, akaipaka nyumba ya akiba ambayo haikuwa na kosa lolote, akaipaka yote, mpaka tukamshika mkono.

Yaliyofuata yalitushtua kwa namna nyingine. Ujumbe wa mgodi ulikuja, na sote tulivaa nguo safi kwenda kusikiliza hukumu. Meneja alikuwa amejiandaa kulaumu mashine ya kunakili. Kabla hajafungua mdomo, Mama Samia alisimama akaeleza yote: mstari wenye nafasi, mafiga matatu, nundu iliyomwambia ukweli na yeye hakuisikiliza. Martina akamuuliza mbele ya wote, "Ungeweza kunyamaza. Ingepasuka, tungesema chuma kilikuwa kibovu. Nani angejua?"

"Wewe unaniuliza kuhusu mimi," Mama Samia alimjibu. "Mimi sikuwa kwenye keji."

Mgodi haukuuvunja mkataba, lakini ulitupa masharti magumu, na tuliyastahili. Yeye alijiondoa mwenyewe kwenye kusaini kwa muda, mpaka asome upya. Akiwa na miaka hamsini na moja alikwenda Mwanza kwenye kozi ya kusoma michoro, akaketi dawati moja na vijana wanaomwamkia shikamoo na kisha kumwomba awapigie chapuo kwa mwalimu. Aliporudi alibadilisha ukaguzi wetu kuanzia mizizi. Tangu hapo mkaguzi haruhusiwi kuona jinsi fundi alivyokiegemeza kifaa. Anakitoa, anasoma mchoro wake halisi upya, anakipandisha mwenyewe. Ukuta unapimwa hata kama hakuna aliyeuliza. Na nundu ikikimbia kutoka kwenye tundu lake, kazi inasimama, hata kama kila kipimo kimekubali. Kwa utaratibu huo tumekamata makosa ambayo sipendi hata kuyafikiria, na migodi mingine imekuja kuuiga. Wasichana wanaokagua leo, kuanzia mimi, wote ni kazi ya mikono yake.

Kuna siku nyingine ya mwaka ule ambayo lazima niitaje. Mwanaume mmoja mrefu alifika getini, na alipoingia tuliona anachechemea. Aliitwa Stanslaus, mchimbaji wa zamu ile. Goti lake lilikuwa limeumia kwenye ngazi. Hakuwa mtu wa maneno laini.

"Nani aliyetupandisha ngazi?" aliuliza.

Gregory alisogea mbele kama mtu anayetaka kumkinga mtu. Mama Samia akampita.

"Ni mimi. Na ile nyumba iliyopasuka, niliyeipitisha pia ni mimi. Kwa hiyo kama umekuja kushukuru, usishukuru. Na kama umekuja kugomba, gomba."

Tuliona Stanslaus alikuja na jambo moja na sasa ana mawili, na hajui aanze na lipi. Alishika ukingo wa meza ya kupimia, akashusha pumzi.

"Tulipanda tukiwatukana," alisema. "Ngazi nzima tulikuwa tunawatukana ninyi watu wa Kahama. Tulipofika juu wakatuonyesha ule ufa." Akalishika goti lake. "Mwenzangu mmoja alikaa chini akashindwa kuinuka. Mtu mzima. Tulimbeba."

"Nisamehe, baba," Mama Samia alisema.

"Shikamoo, mayu," Stanslaus alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma ingawa walikaribiana umri. "Wabeja, asante." Akageuka akaenda zake, akichechemea, na hapo ndipo Mama Samia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Tunamshukuru kwa miaka yote. Tunamshukuru mumewe, Mzee Maulidi, aliyekuwa akimsubiri getini kwa pikipiki na kamwe hakupiga honi. Tunawashukuru Samia na wadogo zake kwa kutuazima mama yao. Anahamia Ngokolo, kwenye nyumba ya wazazi, na ametuonya tusimpelekee saa ya ukutani wala kitenge cha maandishi. Anachotaka ni kulala mpaka jua lichome dirisha.

Kuanzia Julai Mosi sahihi kwenye ripoti za ukaguzi itakuwa yangu, mimi Rebeka. Nilipoambiwa nilishtuka kuliko mtu yeyote, nikamkimbilia kumwomba neno la kunishika mkono. Nilitarajia aniambie nisiogope, maana ndivyo watu huambiana. Alikuwa anakunja ovaroli yake. Alinitazama kwa upole.

"Ogopa, mwanangu," aliniambia. "Kidogo tu, lakini kila siku."

Mama Samia, Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wenye kelele. Nenda salama. Hapa tunabaki tukiogopa kidogo, kama ulivyotufundisha.